Bibi Nakijwa na Mti Uliopakwa Ngeu

Paukwa!

— Pakawa!

Shoka!

— La mpini!

Mpini!

— Wa mti!

Mti!

— Wa msitu!

Na msitu?

— Wa wenyewe!

Ahaa. Sasa mko macho. Wewe Tumsifu, toa mguu wako kwenye majivu. Hadithi hii ni ndefu kama mti wake, utaungua kabla sijafika kwenye matawi.

Hapo zamani za kale, kabla ya msumeno, kabla ya barabara, wakati milima bado imevaa nguo zake zote, palikuwa na kijiji ukingoni mwa korongo. Korongo lenyewe refu kwenda chini. Na chini kule, mto. Mto ule haukuimba kama mito mingine. Ulinguruma. Nguruuu! Nguruuu! Ukidondosha jiwe, unavuta pumzi, unatoa pumzi, unavuta tena, ndipo unasikia: chubwi!

Nyumba zilikuwa upande huu. Mashamba yalikuwa upande ule. Mahindi ng'ambo, maharage ng'ambo, magimbi ng'ambo. Tumbo huku, chakula kule. Na katikati? Gogo. Gogo moja la mvule, refu, nene, walilolilaza mababu wa mababu zao. Mbuzi walipita juu yake. Bibi harusi alipita juu yake. Hata maiti walipitishwa juu yake, maana makaburi mengine yalikuwa kule.

Lakini nalo gogo huzeeka, wajukuu zangu. Mvua ililamba, jua likaramba, kuvu wakaingia. Likaanza kusema chini ya miguu ya watu. Kwi. Kwi. Kwi.

Watu wakaogopa. Wakasema, "Masika yakitukuta na gogo hili, litakwenda na maji. Tutakufa njaa huku tunayaona mahindi yetu kwa macho."

Haya. Gogo jipya litoke wapi? Msituni. Nani alichague? Hapo ndipo anapoingia Bibi Nakijwa.

Bibi Nakijwa alikuwa mwanamke mdogo, mdogo kama kifaranga cha kanga. Mgongo umepinda, miguu pekupeku, meno ameyaacha njiani. Lakini hakuna mti mkubwa uliokatwa katika milima ile bila mkono wake. Yeye ndiye aliyepaka ngeu. Mnaijua ngeu? Ule udongo mwekundu, mwekundu kama damu ya jogoo. Aliusaga, akauchanganya na mafuta ya mbarika, akautia kwenye kibuyu. Akienda msituni, anabeba kibuyu chake na kishoka kidogo.

Akiukuta mti mkubwa, hausemeshi haraka. Anauzunguka kwanza. Anaangalia juu, anaangalia mizizi. Kisha anageuza kishoka, anagonga kwa kisogo chake, sikio ameliweka kwenye gome.

Ngo! Ngo! Ngo!

Mti mzima husema ngo. Akiridhika, anachovya kiganja kwenye ngeu, anakibandika kwenye gome. Pa! Kiganja chekundu. Basi, mti ule umeshakwisha. Umesimama tu, lakini watu wanauita marehemu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hadithi yote imelala hapa. Watu wale walikuwa na desturi yao ya ngeu. Mtu akishapaka ngeu, haifutwi. Haifutwi kwa maji, haifutwi kwa kisu, haifutwi kwa machozi. Na siku ya kukata, aliyepaka ndiye anayeuegemea mti. Wapiga shoka wanapanda juu ya kichanja chao, kwenye shina, juu ya kichwa chake. Yeye anasimama chini, upande mti usikoangukia. Anaweka mgongo wake kwenye gome. Anasema, "Pigeni!" Asiposema yeye, hakuna shoka linaloshuka. Akisema, haondoki mpaka mti uanguke.

Kwa nini? Kwa sababu mti mzima huenda unakokwenda. Lakini mti wenye uwazi ndani una hila. Ukiupiga, hauanguki kwanza. Unapasuka. Unapasuka kutoka juu mpaka chini, kraa! na kipande kinarudi nyuma kama teke la punda. Aliyeegemea hapo, mtamkusanya kwa ungo.

Basi mababu walisema: anayetaka kuua mti, na aweke mgongo wake. Na aliyepaka akakimbia? Huyo hatashika shoka tena maishani, yeye na wanawe na wajukuu zake. Ndivyo ilivyokuwa.

Bibi Nakijwa aliegemea miti tangu ujana wake. Na mgongo wake mnausikia, alikuwa nao bado.

Basi wakamwambia, "Bibi, tutafutie mti wa daraja."

Akasema, "Nitakwenda."

Akaenda. Akatafuta. Siku zikapita. Mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima kama kuku anayeatamia. Bibi hajarudi. Akaonekana mara moja, anapita nyuma ya nyumba, hasemi na mtu, akarudi msituni. Watu wakaanza.

"Bibi amezeeka."

"Bibi anagonga miti au miti inamgonga yeye?"

"Mimi nilimwona amekaa tu. Amekaa chini, anaangalia."

Katika kijiji kile alikuwepo kijana mmoja, mkuu wa wapiga shoka. Jina lake Kiure. Alikuwa na mabega! Akipita mlangoni anapita kwa ubavu. Shoka lake hakuna aliyeweza kuliinua. Na alikuwa na mke, Namkunda, mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na mtoto wao bado yuko mgongoni.

Asubuhi moja Namkunda anatoka ng'ambo na mzigo wa mahindi kichwani, mtoto mgongoni. Amefika katikati ya gogo. Kwi. Kwi. Kwa! Kipande kikamenyeka chini ya mguu wake. Mahindi yakaenda. Aliyasikia yakigonga mwamba, akashika ubavu wa gogo kwa kucha, akatambaa kama mjusi mpaka huku. Mtoto hakuamka hata kuamka.

Kiure alipoona zile kucha zimetoka damu, akasimama. Hakula. Akaenda kwa mkuu wa kijiji, Mzee Mrutu.

"Mzee, nakwenda kupaka ngeu."

"Wewe?"

"Mimi. Ngeu ni udongo. Na mimi nina mkono."

"Na mgongo unao?"

Kiure akacheka. "Mzee, utazame mwenyewe."

Mzee Mrutu akautazama ule mgongo mpana. Akayatazama mawingu. Mwisho akasema, "Haya, baba. Lakini ukishapaka, umepaka."

Kiure akasema, "Nimesikia."

Alikwenda moja kwa moja. Hakuzunguka msitu, hakutafuta. Alikwenda kwenye mti ambao kila mtu aliujua. Mkongwe.

Niwaambie nini juu ya Mkongwe? Miti mingine ya msitu ule ilikuwa mirefu. Mkongwe ulianzia pale miti mingine ilipoishia. Wanaume wakishikana mikono kuuzunguka, wanamaliza wanaume, hawajaumaliza mti. Juu ya tawi lake moja palikuwa na miti mingine imeota, na kwenye ile miti ndege wamejenga, na chini ya ndege ukungu unapita. Mvua ikinyesha, chini ya Mkongwe ni pakavu. Mvua ikiisha, chini ya Mkongwe ndiyo kwanza inaanza. Mtu akifika pale, hata mlevi, anashusha sauti. Hakuna aliyemwambia. Anashusha tu.

Hata Kiure alishusha. Akasimama pale, mdogo, na mabega yake yote. Mtu angedhani atarudi. Lakini akakumbuka kucha za mkewe. Akaugonga kwa kisogo cha shoka, mara moja tu, upesi upesi, kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia. Hakuweka sikio. Akachovya mkono.

Pa!

Kiganja chekundu, kikubwa kama jani la gimbi.

Ngoma ililia jioni ile. Wanawake wakapiga vigelegele. "Tumepata mti! Tumepata mti!" Bibi Nakijwa hakuwepo.

Kulipokucha, kijiji kizima kikapanda msituni. Wapiga shoka mbele, mashoka begani. Wakajenga kichanja kuzunguka shina. Wakapanda. Wakaimba wimbo wao, ule wa kuuaga mti:

Mti sikia, mti sikia,
mwenye mkono amekuegemea.
Ukienda, nenda mbele,
nyuma yako ana watoto.

Na watu chini wanaitikia: Nyuma yako ana watoto!

Kiure akaja kuweka mgongo. Namkunda yuko pale. Namkunda hakuwa anaimba. Alikuwa anatazama nyuki.

Akasema, "Baba Senzia."

"Nini tena, mke wangu?"

"Nyuki wale wanaingia chini, pale kwenye mzizi."

"Wanaingia nyumbani kwao. Na mimi nina kwangu."

"Wanatokea juu. Tazama. Kule juu, kwenye lile tundu. Wanaingia huku, wanatokea kule."

Kiure hakutazama. "Namkunda, siku ya leo usinitie maneno. Watu wote wananiangalia."

"Na mimi nakuangalia."

Akageuza uso. Akaweka mgongo kwenye gome. Akavuta pumzi aseme, "Pi..."

"Hodi wenyewe!"

Watu wakageuka. Bibi Nakijwa huyo. Anakuja polepole, kibuyu mkononi, majani kwenye nywele, matope mpaka magotini. Watu wakampisha njia. Akafika. Hakumsalimu mtu. Akakitazama kile kiganja kikubwa kwenye gome.

"Mkono wa nani huu?"

"Wangu, Bibi," akasema Kiure.

"Mkono mzuri. Mti umesemaje?"

Kiure akautazama mkono wake, bado una ngeu.

Bibi akageuza kishoka chake. Akaweka sikio. Akagonga.

Buuuum.

Haikuwa ngo, wanangu. Sauti ilitoka ndani kama ya mtu anayeita chini ya kisima. Akasogea, akagonga tena. Buuuum. Akazunguka upande wa pili. Buuuum. Na kila akigonga, nyuki juu kule wanajibu: vuuuu!

Wimbo ukakatika. Wapiga shoka juu ya kichanja wakatazamana. Wao ndio waliojua zaidi. Mkongwe ulikuwa mtupu, mtupu kama ngoma. Gome na ubavu, basi. Haufai daraja. Haufai hata ubao. Unafaa kitu kimoja tu: kupasuka.

Namkunda akakaa chini. Hakulia. Akakaa tu, akamshusha mtoto mgongoni, akampakata.

Mzee mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ngeu haifutwi."

Mwingine akasema, "Haifutwi."

"Ameshapaka."

"Ameshapaka."

Mzee Mrutu akamtazama Kiure. "Mwanangu, njia ziko mbili, na wewe unazijua. Toka hapo, uache shoka lako chini, wewe na mwanao na mjukuu wako. Ama simama."

Uso wa Kiure ulikuwa umebadilika, umekuwa kama jivu. Lakini mtu akishavimba mbele za watu, kunywea ni kazi. Akasema, "Nitasimama."

Namkunda akasema, "Simama! Simama! Nami nitamwambia mtoto baba yake alikuwa na mgongo mzuri."

Hakuna aliyecheka.

Bibi Nakijwa wakati wote huo alikuwa anafungua kibuyu. Polepole. Kizibo kilikuwa kigumu, akakivuta kwa fizi. Akachovya mkono wake mdogo. Akamsogeza Kiure kwa kiwiko, kama unavyomsogeza mbuzi aliyekaa njiani. Akabandika kiganja chake pale pale, katikati ya kiganja cha Kiure.

Pa!

Watu wakaguta. "Bibi! Unafanya nini?"

"Napaka ngeu. Hamjapata kuniona?"

"Lakini una mwenyewe mti huo!"

"Nani kasema nimefuta? Tazameni. Chake kipo. Nimeweka changu juu. Desturi inakataza kufuta. Inakataza kupaka juu?"

Wazee wakakutana vichwa. Nong'ono, nong'ono, nong'ono. Mmoja akasema, "Jambo hili halijapata kutokea." Mwingine akasema, "Halijapata kukatazwa." Wa tatu, kiziwi, akauliza, "Mti umeanguka?"

Mzee Mrutu akajikuna kidevu mpaka ndevu zikalalamika. Kisha akasema, "Mtu akivaa shuka juu ya shuka, inayoonekana ni ya juu. Mti ni wa mkono wa juu."

Kiure akapiga kelele. "Hapana! Bibi, sikubali! Ufe wewe kwa upumbavu wangu?"

"Nani kakwambia nakufa? Pisha, mjukuu wangu, unanizibia gome."

Akaweka mgongo wake uliopinda kwenye Mkongwe. Mlimani kote kimya. Hata mto kule chini ulisikika kama umeziba mdomo. Yule bibi, chini ya mti ule, alikuwa kama uyoga. Akaangalia juu. Akaangalia kwa muda mrefu, kule miti mingine ilikoishia, kule ukungu ulikopita.

Akasema, "Wapiga shoka! Inueni mashoka."

Mashoka yakainuka. Mmoja analia kabisa, machozi yanamdondokea Bibi kichwani.

Watu wakafumba macho.

Wakangoja neno.

Bibi Nakijwa akafungua mdomo. Akasema:

"Bado."

Mashoka yako juu.

"Bado?" akauliza Mzee Mrutu.

"Bado."

"Mpaka lini, Bibi?"

"Aah! Mwenye mti ni nani? Anayesema pigeni ni nani? Nimesema bado. Teremkeni, vijana, mtachoka mikono bure."

Wakashusha mashoka, polepole, kama watu wanaoamka. Mtu mmoja kule nyuma akaelewa, akacheka, kwi kwi kwi. Mwingine akaelewa. Kicheko kikapita msituni kama moto wa nyasi. Ngeu haikufutwa. Desturi haikuvunjwa. Aliyepaka hakukimbia. Mti umepakwa, una mwenyewe, unangoja siku yake. Na siku yake iko mdomoni mwa bibi asiye na meno.

Kiure hakucheka. Alikwenda akapiga magoti mbele yake.

"Bibi, na daraja?"

Hapo ndipo uso wa Bibi uliposinyaa. Akasema, "Daraja lipo. Njooni."

Akawaongoza. Wakashuka, wakapanda, wakatokea mahali ambapo watu wa kijiji hawapiti ovyo. Palikuwa na mvule. Haukuwa mnene kama Mkongwe, hata nusu. Lakini ulikuwa umenyooka! Umenyooka kama neno la kweli. Umekwenda juu, juu, juu, hauna fundo, hauna tawi, mpaka kule kwenye mwanga. Ukiutazama, shingo inauma na moyo unanyamaza. Na chini yake palikuwa pamefagiliwa. Kulikuwa na mawe yamepangwa. Kila mtu aliyajua mawe yale. Hapo ndipo walipolala watu wa ukoo wa Bibi Nakijwa. Mama yake. Mume wake. Na jiwe dogo moja, na jiwe dogo jingine.

Mti wa ukoo. Kila ukoo ulikuwa nao, na hakuna aliyewahi kuukata.

Bibi akasema, "Msitu wote nimeugonga. Wote. Ulio mrefu ni mtupu, ulio mzima ni mfupi. Ni huu peke yake. Niliujua tangu mwanzo. Mliponiona nimekaa, nilikuwa nimekaa hapa. Sikuchelewa kwa kutafuta, wanangu. Nilichelewa kwa kukataa."

Mzee Mrutu akavua kofia. "Bibi, tutatafuta njia nyingine."

"Njia nyingine imemenyeka jana chini ya mguu wa Namkunda."

Akaukumbatia ule mti. Akaugonga, ingawa alishaugonga. Ngo! Ngo! Ngo! Safi kama kengele ya mbuzi. Akachovya mkono. Mkono ukakaa hewani. Ukakaa. Namkunda akaja, akasimama kando yake. Basi mkono ukaenda.

Pa.

Kichanja kikajengwa. Kiure akapanda, shoka lake mkononi, lakini safari hii hakuringa. Bibi akaweka mgongo kwenye gome, miguu yake karibu na yale mawe madogo. Akafumba macho.

"Pigeni."

Kwa! Kwa! Kwa! Kwa!

Vipande vinaruka, vyeupe, vya njano, harufu yake inajaza pua. Vinamwangukia Bibi begani. Vinamwangukia kichwani. Hapepesi. Kwa! Kwa! Jua likafika katikati. Kwa! Kwa! Jua likainama. Kisha Kiure akasikia kitu, akapiga kelele, "Acheni!"

Krrr.

Watu wakarudi nyuma.

Krrrrr. Krrraaa.

Ule mti ukatikisa kichwa, mara moja, kule juu, kama mtu mzima aliyeitwa jina lake. Ukainama. Polepole. Wajukuu zangu, polepole mpaka ungedhani umebadili nia. Ndege wote wa mlima wakatoka. Vrrrrr! Na mbingu ikapasuka, maana pale ulipokuwa mti, pakawa na mbingu. Viiiiiiii!

PUUUUUU!

Ardhi ikaruka. Ng'ombe kijijini wakapiga magoti. Mawe korongoni yakaporomoka. Vumbi likapanda, majani yakanyesha, yakanyesha, yakanyesha. Kisha kimya. Kimya ambacho hamjakisikia nyinyi, na mimi sitaweza kuwaambia.

Vumbi likatulia. Wakamwona Bibi. Amesimama, mgongo kwenye kisiki, kisiki kirefu kumpita yeye. Mwili mzima wa njano kwa vumbi la mti. Na jua, ambalo halijapata kufika pale tangu dunia kuumbwa, limeangukia yale mawe yote, jiwe kwa jiwe. Bibi akayaangalia.

Akasema, "Kumbe mlikuwa kwenye baridi."

Hapo ndipo alipolia. Na kijiji kizima kikalia naye.

Kulivuta gogo lile, hiyo kazi ingekuwa hadithi nyingine kama ningekuwa na mate. Kamba za magome, miti ya kuviringishia, wanaume mbele, wanawake nyuma, "Haya! Vuta! Haya! Vuta!" Likafika korongoni. Likalazwa. Dum! Aliyetangulia kuvuka ni Bibi Nakijwa, pekupeku. Gogo halikusema kwi. Masika yakaja usiku ule ule, na mto ukapita chini yake ukinguruma, haukulifikia.

Sasa mtaniuliza, na Mkongwe je?

Kila kiangazi wapiga shoka walikuja kwa Bibi. Ni haki yao, mti umepakwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Mkongwe je?"

"Bado."

Ikawa ni salamu. Watoto wakimwona njiani, "Bibi, je?" "Bado!" Wanakimbia wanacheka. Na Mkongwe ulisimama na viganja vyake viwili vyekundu, kidogo ndani ya kikubwa, na nyuki wake, na ukungu wake.

Mwisho Bibi akaugua ugonjwa wa kuondoka. Wazee wakaingiwa na hofu. Mti wenye ngeu, mwenyewe akifa bila kusema neno, utakuwa wa nani? Watu wakatoka kila mahali wakajaa uani. Wengine walikuwa wageni, wenye mashoka mapya, hawakujua buuum. Waliona ukubwa tu. Walisema, "Aseme pigeni, tuupige, tugawane."

Wakamtuma Kiure aingie amuulize. Kiure naye alikuwa mtu mzima sasa, ndevu zina mvi. Ndani alikuwepo Namkunda, anamshika Bibi miguu.

Kiure akainama. Akaweka sikio kwenye mdomo wa Bibi, kama Bibi alivyokuwa akiweka sikio kwenye miti. Akakaa hivyo. Akakaa sana. Kisha akainuka, akamtazama mkewe, mkewe akamtazama.

Akatoka nje.

"Kasemaje?" watu wakauliza. "Kasemaje?"

Kiure akawaangalia wote, na mashoka yao mapya. Akasema, "Amesema bado. Kisha ametuaga."

Watu wakatawanyika. Wangefanya nini? Mwenye mti ameshasema, na ameshakufa, na hakuna wa kusema jingine.

Ni Namkunda peke yake aliyejua. Bibi Nakijwa alikuwa ameshakata roho kabla Kiure hajainama. Hakukuwa na neno mdomoni mle. Kiure aliweka sikio, akasikia kimya, akatoka akasema neno ambalo lilikuwa halijapata kutoka kinywani mwake tangu azaliwe. Na Namkunda hakumwambia mtu, ila binti yake, na binti yake akamwambia binti yake. Ndivyo lilivyofika kwangu, ndivyo linavyofika kwenu.

Basi wajukuu zangu, mkiona kitu kikubwa mkataka kukiangusha, sikatai. Watu wanahitaji madaraja. Lakini msipake ngeu mti ambao hamko tayari kuuegemea. Na kabla hujaweka mkono, weka sikio.

Hadithi yangu imeishia hapo, gogo limelala, shoka nimelaza. Na wewe Tumsifu, mguu!